Mafua ya Mzee Hawazi

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, maana baadhi ya wahusika wanakula ugali hadi leo, palikuwa na msitu uitwao Kabwenzi, kule magharibi, milimani juu ya Ziwa Tanganyika. Msitu huo ulikuwa na sokwe hamsini na wawili, na kando yake ilikuwapo kambi ya vibanda vitano vya mabati, ya watu waliowafuata sokwe hao kutwa nzima wakiandika. Sokwe akila, wanaandika. Sokwe akijikuna, wanaandika. Sokwe wawili wakigombana halafu wakapatana, wanaandika nani alianza ugomvi na nani alianza kupatana. Kuna watu kazi yao ndiyo hiyo, na msicheke, kwa sababu mimi niliwahi kuijaribu siku moja na jioni sikuweza kunyoosha goti.

Mkuu wa kambi alikuwa mwanamke, Dokta Subilaga, mtu wa Tukuyu, mwepesi wa miguu na mzito wa kuomba radhi. Alikuwa amekaa Kabwenzi miaka sita akichunguza jambo moja tu, maamkizi.

Sokwe huamkiana, mjue hivyo. Mdogo humwendea mkubwa, huinama, hukoroma kwa pumzi fupi fupi, hu-hu-hu-hu, na mkubwa akipenda humgusa kichwani, asipopenda humpita kama hakumwona. Mkubwa hamwanzi mdogo hata siku moja. Dokta Subilaga alipofika Kabwenzi alikuwa na neno refu la kisomi la mlio huo, akalitamka mbele ya wafuatiliaji wa sokwe polepole ili walishike. Mzee mmoja akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe unaulizia shikamoo." Tangu siku hiyo safu ya kwanza katika fomu za utafiti iliandikwa SHIKAMOO, na wageni wa ng'ambo waliokuja kuzisoma fomu hizo wakalazimika kujifunza neno.

Mzee huyo ndiye Hawazi. Alikuwa Mtongwe, ndevu chache, sauti ya chini, na alikuwa amewafuata sokwe miaka ishirini na sita. Aliwatambua kwa nyuso, kwa mwendo, hata kwa migongo tu wakiwa wanaondoka. Majina yao yote alitoa yeye. Dume mkubwa alimwita Mwenyekiti, kwa kuwa hakufanya kazi yoyote na kila mmoja alimpisha. Jike mmoja asiye na mtoto, mwenye kukaripia watoto wa wenzake, alimwita Shangazi.

Wa tatu katika habari hii ni Toyi, mtu wa makamo mwenye mwandiko mzuri, ambaye alikuwa msimamizi wa zamu huko msituni. Toyi alikuwa amemwoa binti wa Mzee Hawazi. Basi hapo mnaelewa. Mtu na baba mkwe wake hawakai benchi moja, hawachoti bakuli moja, na Toyi akizungumza na mzee aliyaelekeza macho yake kwenye kifungo cha pili cha shati. Kazini walielewana vizuri sana, ila kwa adabu zote hizo katikati yao.

Sasa, mwaka mmoja, dada yake Shangazi alichukuliwa na chui, akaacha mtoto wa miaka mitatu. Mtoto wa umri huo, bila mama, hufa, na watu wa kambi walikaa wakingoja waandike kwamba amekufa. Hakufa. Shangazi, yule yule mkali asiyependa kelele, alishuka mtini, akamtazama, akampa mgongo. Mtoto akapanda. Wakaondoka. Wafuatiliaji wakamwita mtoto Sazo, kwa kuwa ndiye aliyesazwa. Kwa hesabu ya ukoo Shangazi alikuwa mama mdogo wake, lakini jina lilikwisha kumganda, nani angelibadilisha?

Dokta Subilaga hakulala vizuri tena. Swali lake lilikuwa dogo na alilipenda kuliko kitu chochote alichowahi kukipenda. Mtoto wa sokwe hujifunza shikamoo akiwa nyuma ya mama yake. Je, huyu aliyelelewa na asiye mama yake, atafundishwa na nani? Ataamkia? Atamwamkia nani kwanza? Akaagiza Shangazi na Sazo wafuatwe kila siku, bila kukosa hata siku moja. Na hapo pana tatizo, maana Shangazi hakuvumilia watu. Akimwona mtu yeyote, humbeba Sazo akapotelea kwenye miiba ya bonde la juu. Mtu pekee ambaye Shangazi alimvumilia alikuwa Mzee Hawazi.

Nakuja kwenye sheria. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu. Mafua ambayo kwako wewe ni leso mbili na siku tatu za kununa, kwake ni kifo. Kwa hiyo Kabwenzi palikuwa na sheria. Msituni ni kuvaa barakoa. Kati yako na sokwe ziwe hatua kumi. Mwenye mafua, kikohozi au homa haingii, awe nani. Atakayemsikia mwenzake akikohoa njiani apulize filimbi, msafara wote urudi. Na kila asubuhi saa kumi na mbili, mkuu wa kambi asimame mlangoni na daftari la afya, aulize watu hali zao mmoja mmoja, atie alama ya vema kwenye jina la kila aliye mzima.

Dokta Subilaga alisimama mlangoni kila asubuhi kwa miaka sita. "Hujambo?" "Sijambo, Dokta." Vema. "Hujambo?" "Sijambo, Dokta, ila kichwa kinagonga tangu jana." Anarudishwa kitandani. Kazi ilikwenda vizuri kabisa.

Kisha hufika Mzee Hawazi, aliye rika moja na baba yake Subilaga. Angemwambiaje "hujambo"? Hata kwao Tukuyu mama yake angemfinya sikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Na anatia vema kwenye jina la mzee.

Mmeona? Aliyeulizwa ni yeye. Aliyejibu ni yeye. Aliyetiwa vema ni mzee. Miaka sita! Mtu aliyekwisha kuhesabu shikamoo elfu tisa za sokwe, akazipanga kwa umri na kwa cheo, hakuihesabu ile moja iliyotoka kinywani mwake kila asubuhi. Na kwa miaka yote hiyo haikuleta madhara, kwa sababu Mzee Hawazi alijichunga mwenyewe. Mara tatu aliugua, na mara tatu alibaki kijijini akatuma salamu kwamba haji.

Ikaja Machi ya mvua nyingi. Wiki hiyo Sazo alikuwa ameanza kumsogelea Mwenyekiti. Siku ya kwanza alifika hatua saba akageuka mbio. Siku ya pili, hatua tano. Siku ya tatu alifika hatua tatu, akasimama, akafungua mdomo, halafu aibu ikamshika akarudi kujificha nyuma ya Shangazi. Kambini watu hawakuwa na mazungumzo mengine. Mpishi aliacha wali ukaungua akiuliza, "Ameshamwamkia?" Dokta Subilaga akawa anawaambia watu wote, "Kesho. Nawaambieni, ni kesho."

Kesho ikafika. Kule kijijini, mjukuu wa Mzee Hawazi alikuwa na mafua tangu juzi yake, na alipenda kulala kifuani kwa babu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Vema. Lakini mzee hakupita. Alisimama na panga lake mkononi akitazama buti zake. Wengine walikuwa wanafunga mikoba hatua chache kutoka hapo, kwa hiyo akasema kwa sauti ya chini, "Leo mwili umeamka mzito kidogo."

Mzee wa umri ule, mwanamume wa milima ile, akishasema mwili umeamka mzito kidogo, amemaliza. Hataongeza. Hatakuhesabia kamasi na jasho la usiku mbele ya vijana. Amekupa neno, nawe ulitumie.

Dokta Subilaga alilisikia neno. Hakuwahi kudai kwamba hakulisikia. Alisikia mzee anayechoka, na akahisi kitu kingine kikibisha hodi, naye hakukifungulia. Alimwona Sazo amesimama hatua tatu kutoka kwa Mwenyekiti, mdomo wazi. Akasema, "Pole, mzee. Basi tutapanda polepole. Leo tu. Kesho upumzike."

"Haya, mwanangu," akasema mzee.

Wakapanda. Dokta alikwenda ng'ambo ya bonde na darubini yake, amwangalie Mwenyekiti kutoka mbali. Mzee Hawazi alishika njia ya Shangazi, na Toyi nyuma yake na fomu, maana yeye hubaki nyuma Shangazi asimwone.

Hawajafika hata kwenye kijito, mzee akakohoa. Mara moja, ndani ya kiwiko. Toyi akasimama. Filimbi ilikuwa inaning'inia shingoni mwake, na yeye ndiye msimamizi, na sheria aliibandika ukutani yeye mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri. Akaishika filimbi. Halafu akaona picha ya jambo lenyewe, watu tisa wamekusanyika kwenye njia ya matope, na yeye mbele yao akimtaja baba wa mke wake kwamba ana kikohozi. Akaiachia. Akajiambia pengine ni koo tu limekauka. Akapunguza mwendo, mzee asione aibu ya kusikiwa.

Mzee akakohoa tena. Toyi akarudi nyuma zaidi. Ilipofika mara ya nne Toyi alikuwa mbali kiasi kwamba alisikia matone ya mvua tu. Zile hatua kumi zilizowekwa kwa ajili ya sokwe, Toyi alimpa baba mkwe. Na hata leo ukimuuliza, atakwambia kwamba wakati ule alijiona mtu mwenye adabu.

Chini ya mkuyu mkubwa, barakoa ya mzee ilikuwa imelowa mvua na kamasi, haipitishi pumzi. Akaishusha kidevuni ili avute hewa kidogo tu. Shangazi alikuwa mbali vya kutosha, anakula kuyu. Lakini Sazo, ambaye alimzoea mzee kama alivyozoea miti, alishuka, akamjia mwenyewe, hatua sita, nne, akaokota jani lililodondoka miguuni pa mzee akalitia mdomoni. Mzee akarudi nyuma haraka, na katika kurudi haraka kikohozi kikamtoka.

Baada ya nusu saa Sazo alimwendea Mwenyekiti. Alifika hatua tatu, akasimama. Akafika mbili. Akainamisha kichwa mpaka nyasi zikamgusa pua, na kikasauti kikatoka, hu-hu-hu-hu, chembamba, kama cha mtu anayepuliza jiko. Mwenyekiti akamtazama kwa muda. Kisha akanyoosha mkono wake mkubwa, akamgusa kichwani.

Ng'ambo ya bonde Dokta Subilaga aliandika bila kuondoa macho kwenye darubini, na maandishi ya siku ile hayasomeki vizuri mpaka leo. Chini ya mkuyu Mzee Hawazi alilia waziwazi. Toyi alikumbatia fomu. Jioni mpishi alichinja kuku wawili, na mzee alisema hatakula, anawahi nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yao njema kuliko zote, nami naona uchungu kuisimulia.

Kesho yake Mzee Hawazi alituma salamu kwamba ana homa, haji. Dokta Subilaga alipokea salamu hizo mlangoni, daftari mkononi. Alijua papo hapo. Hakumwambia mtu.

Siku ya nne Shangazi alikuwa anatokwa makamasi. Siku ya sita hakupanda mtini kutengeneza kitanda cha majani kama kawaida yao. Alilala chini, jambo ambalo sokwe mzima hafanyi. Sazo alikaa naye, akimchambua manyoya mgongoni. Daktari wa wanyama aliitwa kutoka mjini, akasema amechelewa. Siku ya tisa Shangazi alikufa. Alikuwa ndiye peke yake aliyekufa, maana wengine wanne waliougua, Sazo akiwamo, walipona.

Sazo aliukalia mwili siku mbili, akifukuza nzi. Watu walikatazwa kumgusa, na ni sawa walikatazwa. Siku ya tatu njaa ilimwondoa, akawafuata wenzake kwa mbali. Na hapo ndipo Toyi, aliyekuwa na fomu siku hiyo, aliandika kitu ambacho Dokta alishindwa kukisoma hadi mwisho. Sazo alimwamkia kila mmoja. Alimwendea Mwenyekiti, akainama, hu-hu-hu. Akamwendea jike aliyenyonyesha, hu-hu-hu. Akawaendea watoto wenzake waliokuwa wadogo kuliko yeye, akainama na kwao, hu-hu-hu. Safu ya shikamoo ilijaa mpaka chini, alama arobaini na moja kwa asubuhi moja. Safu ya pili, ya kugusa kichwa, haikuwa na alama yoyote. Walimpita. Siku iliyofuata hakuonekana, wala iliyofuata. Kambini hawakusema amekufa. Waliandika hakuonekana, na wakaendelea kuandika hivyo kwa mwezi mzima.

Daktari wa wanyama alikuwa amechukua vipimo, vya sokwe na vya watu. Majibu yakaja. Mdudu aliyemuua Shangazi na mdudu aliyekuwa puani mwa Mzee Hawazi walikuwa mdudu mmoja.

Wakubwa wa msitu wakaleta gari, na ndani ya gari mjumbe, na mkononi mwa mjumbe karatasi. Karatasi yenyewe ilikuwa imechapwa zamani, kwa ajili ya misitu yote, na ilikuwa na maneno machache. Juu: *Jina la aliyeficha ugonjwa*. Kisha mstari mmoja. Chini yake: *Aliyetajwa hapo juu hataingia tena msituni maisha yake yote*. Kisha nafasi ya sahihi ya mkuu wa kambi.

"Na kama ni zaidi ya mmoja?" akauliza Dokta Subilaga.

"Mstari ni mmoja, mama," akasema mjumbe. "Nami narudi leo leo. Nitangoja garini."

Dokta akaingia ofisini, akaketi. Hakuwaita, lakini wakaja. Mzee Hawazi alikuja kwanza, amekonda, akasimama upande wa dirisha. Toyi akaja akasimama mlangoni, macho kwenye kifungo cha pili cha shati la mzee.

"Nisomee," akasema mzee.

Dokta akamsomea.

"Niandike mimi," akasema mzee. "Aliyekohoa ni mimi. Aliyeshusha barakoa ni mimi, wala hakuna aliyenilazimisha kuishusha. Miaka ishirini na sita nimekula kwa sababu ya wale viumbe, nami nikawapelekea kifo kwa mdomo wangu. Msituni nisirudi, sawa. Nikirudi nitamtazama nani? Lakini neno hilo lifute. Mimi sikuficha. Nilisema."

Toyi akainua uso. "Ulisema kwa nani, Baba?"

Mzee akageuka. Alitazama nje ya dirisha. Alikuwa tayari kuubeba msiba wote, ila kumtaja mkuu wake mbele ya mtu mwingine hakuwa tayari.

"Neno halifutiki, mzee," akasema Dokta kwa sauti ndogo. "Limechapwa."

"Basi hapo ndipo penye taabu," akasema mzee. "Wajukuu wangu watasoma kwamba babu yao aliwaficha watu ugonjwa akaua. Na kuna lingine, mwanangu, nilikuwa nisiliseme. Mara tatu nilizougua nyuma, sikungoja kuambiwa. Nilibaki. Safari hii nilingoja niambiwe. Na nilipoambiwa tupande polepole, nilifurahi. Nilitaka kumwona mtoto akiamkia. Nilifurahi, nikapanda. Hilo ndilo linaloniamsha usiku."

Toyi akasogea hatua moja ndani. "Aliyeficha ni mimi," akasema. "Hilo neno ni langu, limechapwa kwa ajili yangu. Nilisikia mara nne. Filimbi ilikuwa hapa." Akajigusa shingoni. "Nilirudi nyuma ili nisisikie. Kama huko si kuficha, kuficha ni nini?"

"Wewe ni mkwe wangu," akasema mzee.

"Msituni nilikuwa msimamizi, Baba."

"Ungepuliza."

"Ningepuliza, watu wakakusanyika, nikakutaja?" Na Toyi, kwa mara ya kwanza tangu alipooa, akamtazama mzee machoni. "Ungenisamehe?"

Mzee akafikiri kweli. Hakuwa mtu wa kujibu ili kumfurahisha mtu. "Nisingekusamehe," akasema. "Si mwaka ule. Labda nisingekusamehe kabisa."

"Lakini Shangazi angekuwa hai," akasema Toyi, akatoka nje kidogo, akarudi.

Dokta Subilaga hakutaka Toyi aandikwe. Majina ya sokwe hamsini na wawili, sasa hamsini, nyuso zao na ukoo wao, Mzee Hawazi alikuwa amevihamishia kichwani mwa Toyi polepole kwa miaka kumi. Hakuna mwingine aliyevijua. Toyi akifungiwa msitu, kila kitu kitabaki kwenye fomu, na fomu haiwezi kumtambua sokwe kwa mgongo.

Ndipo akalichukua daftari la afya, akalifungua mbele yao kwenye siku ile. Akaweka kidole kwenye vema la jina la Hawazi.

"Hili vema nilitia mimi," akasema, "na sikumuuliza. Miaka sita sikumuuliza hata mara moja. Nilimwamkia, akaniuliza, nikamjibu kwamba mimi ni mzima, nikaandika kwamba yeye ni mzima."

"Ungeniulizaje, mwanangu?" akasema mzee. "Adabu ndivyo ilivyo."

"Siku ile hukungoja niulize. Uliniambia." Akamgeukia Toyi. "Aliniambia mimi, Toyi. Mlangoni, kwa sauti ya chini. Alisema mwili umeamka mzito. Nami nilielewa. Nusu yangu ilielewa. Nikamwambia tutapanda polepole."

Toyi akalitazama vema lile, kisha akamtazama mkuu wake. Siku zote hizo alikuwa amekaa na kosa lake akidhani ni la peke yake, na uso wake haukuonyesha nafuu, ulionyesha hasira. "Ulijua," akasema. "Tangu siku zile zote ulijua."

"Nilijua."

"Basi jiandike."

"Toyi!" akasema mzee.

"Mwache, mzee," akasema Dokta. "Nimeshajiandika mara ngapi kichwani. Lakini nisikilizeni. Kibali cha kazi hii kina jina langu. Mimi nikifungiwa msitu, kambi inafungwa mwezi huu huu. Nyote mnarudi nyumbani. Mnawajua wale wawindaji wa mitego ya waya. Miaka sita hawajakanyaga hapa kwa sababu kila siku kuna macho ya watu msituni. Macho yakiondoka watarudi kabla vibanda havijang'olewa. Nikijiandika mimi nitalala usingizi, nanyi mtaenda kuokota mikono ya sokwe iliyokatwa na waya." Akalifunga daftari. "Au pengine nasema hivi kwa sababu naogopa. Kweli sijui. Nimejiuliza sana, na kila nikijiuliza nasikia sauti yangu mwenyewe ikijibu sijambo."

Nje mjumbe akapiga honi mara moja, kwa heshima.

Mzee akavuta kiti, akaketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mkwe wake. Akasema kwamba yeye ni mzee, hana miaka mingi ya kupanda milima, kwa hiyo jina lake ndilo lenye hasara ndogo. Toyi akasema hasara si swali lililoulizwa. Karatasi inauliza nani alificha, na kumwandika mzee ni kuandika uongo juu ya mtu pekee aliyesema ukweli. Dokta akasema Toyi alinyamaza kwa kumheshimu mtu, ilhali yeye alinyamaza kwa tamaa yake mwenyewe. Toyi akasema kunyamaza ni kunyamaza, Shangazi hakuuliza alinyamaziwa kwa sababu gani. Mzee akasema kwamba kama yeye alisema kwa sauti ya chini kiasi cha mtu mmoja kuweza kujifanya hakusikia, basi pengine na yeye alificha, ila kwa ustadi zaidi kuliko wote. Na alipolisema hilo alifunika uso kwa viganja.

Honi ikapigwa tena, mara mbili safari hii.

Dokta Subilaga akavuta karatasi. Akatia sahihi yake kwanza, kule chini, ili mkono uzoee. Kisha akapeleka kalamu juu, kwenye mstari. Wino ukagusa karatasi, ukaweka nukta.

Hapo nawaachia, ndugu zangu mliokaa. Msiniambie majina matatu, maana mstari ni mmoja na mjumbe ameshawasha gari. Msiniambie ni mvua, wala mjukuu, wala mdudu wa mafua asiyeonekana kwa macho. Karatasi haiwapokei hao. Kuna mzee aliyesema, kwa namna asemavyo mzee. Kuna mkwe aliyesikia mara nne akarudi nyuma kwa adabu. Kuna mkuu aliyeambiwa akatia vema. Mmoja wao hatauona tena msitu ule mpaka anaingia kaburini, na jina lake litakaa juu ya neno lile.

Haya, anzeni kugombana. Je, nani alificha ugonjwa?